Presha ya Mawifi

Siku alipoingia katika nyumba ile akiwa bibi harusi, wifi yake alimtazama kutoka juu hadi chini, akamshika mikono na kuigeuzageuza kama mtu anayechagua viazi, kisha akasema, "Mikono ipo. Kesho utashika pasi." Hakuna aliyecheka. Kesho yake akashika pasi kweli, na tangu hapo hakuiachia. Hata jina alilopewa na wazazi wake watu walilisahau, wakawa wanamwita Mama Pasi.

Duka la dobi lilikuwa la urithi. Wifi na kaka yake waliachiwa na baba yao: chumba cha mbele chenye kaunta, cha kati cha kupigia pasi, na ua wa nyuma wenye mabeseni ya saruji na kamba za kuanikia. Kaka alifua, mke wa kaka akapiga pasi, na wifi alikaa kaunta akipokea nguo na kuzitoa. Hakuandika kitu. Alizijua suruali kwa mapindo yake na mashati kwa kola zilivyolika, na mteja akiwa bado anavuka barabara, nguo zake zimeshawekwa juu ya kaunta. Wateja wakambandika jina la Daftari. Alilivaa jina hilo kama nishani.

Upendo baina ya mawifi hao, kusema kweli, haukuwapo. Kazi ndiyo iliyokuwapo. Daftari alikuwa na ulimi. Akikuta mkunjo kwenye shati alilirudisha chumba cha kati: "Hili umelipiga pasi au umelikalia?" Mama Pasi alijifunza kunyamaza na kumalizia hasira kwenye kitambaa. Alikuwa akisema ndiyo sababu mashati yake yalinyooka kuliko ya dobi yeyote.

Mchana mmoja yeye na mumewe walikuwa uani wanakamua shuka, kila mmoja kashika ncha yake. Ghafla akahisi shuka imelegea. Akadhani mumewe anamtania. Alipoinua macho, mwanamume yuko chini, mdomo umekwenda upande. Kilikuwa kiharusi. Alilala hospitali siku chache, hakurudi nyumbani.

Daktari wa hospitali aliwaambia wajane hawa wawili, maana hata dada alibaki kama mjane, kwamba marehemu alikuwa ametembea na presha kwa miaka bila kujua, na kwamba nao wapimwe. Wakapimwa. Wote walikutwa na presha. Daftari akaongezewa na sukari. Wakapewa vidonge na kuambiwa ni vya kila siku.

Daftari alimeza siku kichwa kilipomuuma tu. Kisipouma, vidonge alivitunza. "Nani anakula akiwa ameshiba?" alisema. Mama Pasi alianza vizuri, halafu akajisikia mzima, halafu kazi zikamzidi. Mfuaji alikuwa amekufa, kwa hiyo mpiga pasi alifua pia, mpaka waliponunua mashine. Jioni alikuwa anafika kitandani kama mzigo uliotupwa. Kidonge nani angekikumbuka?

Miaka ikaenda hivyo.

Nguo zilipoanza kuchanganyika, watu walicheka. Mlinzi wa benki alikabidhiwa sketi ya mhudumu wa hoteli, akairudisha huku akiuliza kama cheo chake kimebadilishwa. Daftari alicheka kuliko wote. Halafu ikawa mara kwa mara. Halafu akaanza kukaa kimya mbele ya mteja, mkono umeshika rafu, kama mtu aliyeitwa na sauti asiyoijua inatoka wapi.

Kisha akaja fundi seremala wa mtaa wa pili. Alikuwa ameleta suti ya baba yake isafishwe, na katikati ya wiki ile mzee akafariki. Fundi alitaka kumzika nayo. Suti haikuwapo. Daftari alikuwa ameshampa mtu, hakumkumbuka nani, hakukumbuka hata kama aliipokea. Mama Pasi alipekua kila kamba na kila kapu huku jasho likimtoka. Fundi alisubiri amesimama wima, kofia mkononi. Mwishoni akasema, "Basi, mama zangu. Atavaa nyingine," akaondoka. Angegombana ingekuwa nafuu.

Alipotoka tu, Daftari akageuka.

"Wewe ndiye unayezihamisha."

"Nahamisha nini, wifi?"

"Nguo. Nikigeuka, unahamisha. Tangu kaka yangu afe unataka nionekane chizi, duka libaki lako."

Mama Pasi aliiweka pasi chini taratibu, kwa sababu kuirusha kulikuwa karibu mno.

"Duka hili? Lichukue, wifi yangu. Lichukue na mvuke wake na joto lake. Magoti yangu yameishia humu. Mtu akitaka kuiba, ataiba kitu kinachouma hivi?"

Jioni hiyo alimpigia simu binti yake, aliyekuwa akifundisha shule mji mwingine na ambaye kila mwezi alimwambia aje apumzike. "Kesho nakuja," akasema. Akafunga begi.

Asubuhi alipita dukani kuacha funguo. Akamkuta wifi yake nyuma ya kaunta, vifungo vya blauzi vimefungwa shaghalabaghala, machozi yanamtiririka. Huyu ni mwanamke ambaye hakutoa chozi hata kaka yake alipozikwa.

"Wifi, kuna nini?"

"Kifungo kimeanguka."

"Kifungo tu?"

"Kifungo tu. Sijui nalia nini. Yanatoka yenyewe." Akatoka nyuma ya kaunta kumfuata, na Mama Pasi akaona kitu ambacho labda kilikuwapo muda mrefu asikione: wifi yake alitembea kwa vihatua vidogovidogo, akiburuta miguu kama anayeogopa sakafu iliyomwagiwa sabuni.

Mama Pasi akasukuma begi chini ya kaunta. Hakuwa na huruma wakati huo, asidanganye mtu. Alikasirika zaidi, kwa kuwa sasa asingeweza kuondoka.

Kliniki walikaa kwenye benchi hadi mgongo ukawauma. Muuguzi alipima presha ya Daftari, akakunja uso, akapima na mkono wa pili. Daktari, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya polepole, alimpa karatasi achore saa. Daftari alichora duara zuri, kisha akazisonga namba zote upande mmoja.

"Saa yenyewe imechoka," akasema, akairudisha karatasi. "Kama mwenyewe."

Wakatumwa hospitali kubwa kupigwa picha ya kichwa, na waliporudi nayo daktari aliwaonyesha madoa madogo, huku na huku. Kila doa, alisema, ni mahali ambapo mshipa mwembamba uliziba. Vilikuwa viharusi vidogo, vingine vilipita mgonjwa akiwa kaunta anauza maneno, asijue.

"Si uzee tu, daktari?" aliuliza Mama Pasi. "Majirani wengine wanasema amerogwa."

"Uzee upo. Lakini napokea wazee wa kila aina hapa, waliosoma na wasiosoma, wanene kwa wembamba, wa makabila yote, na hawachakai sawasawa. Mmoja ana miaka themanini na bado anakusahihisha ukikosea jina la mjukuu wake. Mwingine hajafika sitini na anapotea njia ya nyumbani. Tukirudi nyuma, mara nyingi tunakuta presha iliyoachwa, sukari, sigara, mafuta, mwili usiotembezwa. Kinachouchosha moyo kinauchosha na ubongo. Damu ikipita kwa kishindo kila siku, mishipa inakakamaa, na ile midogo ya kichwani ndiyo inayoshindwa mapema."

"Atarudi kama zamani?"

Daktari hakukwepa. "Kilichopotea hakirudi, mama. Akitumia dawa kila siku, tunaweza kuuzuia ugonjwa usiende mbio. Na ukimdokeza kidogo, mambo mengi atayakumbuka. Yamo humo ndani. Njia ya kuyafikia ndiyo imeharibika."

Kisha akamgeukia. "Na wewe?"

"Mimi nimeleta mgonjwa."

"Mpime," alidakia Daftari. "Huyo ana presha ya kunichukia."

Akapimwa. Muuguzi alikunja uso uleule. Mama Pasi alitazama sakafu. Alikuwa amekuja kubeba mwenzake na sasa hakujua nani angembeba yeye. Alitamani kulala palepale kwenye kitanda chenye plastiki, asiulizwe neno.

"Leo mmekuja wagonjwa wawili," alisema daktari. "Ukianguka wewe, huyu atabaki na nani?"

Begi halikuondoka tena. Kila asubuhi sasa vidonge viliwekwa kwenye visahani viwili kando ya chai isiyo na sukari, na kila asubuhi Daftari aliapa kwamba ameshameza. Chumvi ilipopunguzwa jikoni alisukuma sahani: "Chakula hiki kimepikwa na adui." Mama Pasi alijibu, "Adui ndiye anayekula nawe, meza mate ule." Nguo zote zilishonewa kitambaa chenye jina la mteja. Daftari alitolewa kaunta, akanuna majuma mazima, mpaka alipopewa kazi ya kukunja. Mikono yake ilikunja shati vizuri bila kuuliza kichwa.

Baada ya muda chumba cha mbele wakampangisha fundi simu, wakabaki na wateja wa zamani tu. Presha za wote wawili zilishuka, na daktari alifurahi. Kichwa cha Daftari hakikupanda. Siku nyingine alikuwa sawa kabisa, akitaja nani kaachana na nani. Siku nyingine alimwita kaka yake kutoka uani, aingie, chai inapoa. Mwanzoni Mama Pasi alimkumbusha kwamba amekufa, na kila mara ikawa msiba mpya, kilio kipya. Akaacha. Sasa alijibu tu, "Anaanika, atakuja," kisha aligeukia kazi yake, kwa maana msiba ule ulikuwa wake pia.

Siku moja mteja wa fundi simu aliuliza mpiga pasi ni nani wake. Daftari alilitafuta neno, likamkimbia. "Huyu," akasema hatimaye, "ni wa kwangu."

Binti alipokuja likizo alimkuta mama yake amekonda. "Mama, umechoka."

"Nimechoka, ndiyo. Nikuambie nini kingine?"

"Tutafute mtu wa kukusaidia."

Mara hii hakubisha. Mwanamke wa jirani akawa anakuja siku tatu kwa wiki kumwogesha Daftari, na siku hizo Mama Pasi alilala mchana, usingizi mzito usio na ndoto.

Jioni walitembea, kama daktari alivyoagiza, hadi mwisho wa mtaa. Vihatua vidogo, mkono kwa mkono, watoto wa baiskeli wakiwapita. Kuna siku Daftari alisimama njiani, akashika ukuta wa nyumba ya watu, akahema.

"Turudi?" aliuliza Mama Pasi.

"Wewe unasemaje?"

"Mimi miguu yangu ilisema turudi tangu tulipotoka."

Daftari akatazama mbele, akapima umbali kwa macho. "Tufike pale kwenye duka la mikate," akasema, "halafu ndiyo turudi."

Wakaenda.