Sindano ya Jumapili

Ndalahwa alikulia Sengerema, kwenye mji wa baba yake uliokuwa na zizi kubwa la miiba, na mpaka anaoa hakuwahi kufikiri kwamba ipo siku atanunua maziwa dukani, kwenye mfuko wa plastiki. Kisha ukaja msimu mmoja wa mvua, josho la kuogeshea mifugo kijijini likiwa limekauka muda mrefu, kupe wakajaa malishoni, na ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe, ikaingia zizini. Ilianza na ndama. Walivimba tezi chini ya masikio, wakahema kwa shida, wakatokwa povu puani, wakalala wasiinuke. Ng'ombe waliobaki waliuzwa haraka haraka kabla nao hawajaanguka. Ndalahwa na mkewe Rebeka wakahamia Mwanza. Alibeba mizigo sokoni, akalinda nyumba za watu, na hatimaye akajenga vyumba viwili Buswelu, juu kwenye mawe.

Kwa hiyo kituo kimoja cha utafiti wa mifugo, nje kidogo ya mji, kilipomwajiri kutunza ndama, umri wake ukiwa umeshavuka hamsini, Rebeka alisema mumewe ameanza tena kupiga mluzi asubuhi.

Pale kituoni walikuwa wanajaribu chanjo mpya ya ndigana kali. Chanjo ya zamani ipo na inasaidia, lakini husafirishwa kwenye mtungi wa baridi kali sana, na mfugaji mwenye ndama wawili watatu kijijini haimfikii kirahisi. Hii mpya ilitengenezwa kwa maarifa yaliyotumika kwenye baadhi ya chanjo za korona: ndama haingiziwi kidudu chenyewe cha ugonjwa, mwili wake unapewa maelekezo ya kumtambua adui kabla hajafika. Tumaini lao lilikuwa kwamba siku moja itakaa kwenye friji ya kawaida ya zahanati.

Aliyeongoza kazi hiyo alikuwa Daktari Prudencia Kashaija, mama wa Kihaya wa miaka arobaini hivi, mpole wa sauti lakini mkali wa utaratibu. Siku ya kwanza alimpeleka Ndalahwa mabandani.

"Shikamoo, mzee Ndalahwa."

"Marahaba, daktari."

"Ndama hawa ni ishirini na nne. Nusu watapata chanjo, nusu watapata maji ya chumvi tu. Mimi mwenyewe sijui nani atapata nini. Wanaojua wako mbali, na hawatatuambia mpaka tumalize."

"Kwa nini na wewe usijue?"

"Nikijua nitapendelea. Jicho la mtu huona linachokitaka." Akasimama kwenye mlango wa banda. "Baadaye tutawawekea kupe wenye ugonjwa. Kazi yako ni kuwalisha, kuwapima joto, na kuniambia unachokiona. Atakayezidiwa, mimi nitamchoma sindano ya kumpumzisha asiteseke. Wewe usitibu. Najua wafugaji mnazijua dawa. Usitibu. Tukimtibu mmoja kwa siri, wote hawa watakuwa wameteseka bure."

Ndalahwa akasema amesikia, na kweli alikuwa amesikia.

Kupe waliwekwa, siku zikapita, homa zikaanza. Ndalahwa alipima joto, akasoma namba kwa sauti na mwenzake wa zamu akaandika. Ndama wa kwanza alipozidiwa, daktari alikuja na sindano yake, akamshika ndama kichwa mpaka mwisho, kisha akaondoka. Ndalahwa alichimba shimo. Akaja wa pili, wa tatu. Kila alipochimba alikumbuka mashimo aliyoyachimba kule nyumbani, na mikono yake ilifanya kazi polepole.

Ndama mwenye hereni namba kumi na nne alikuwa jike mwekundu, aliyenunuliwa mdogo kuliko wenzake. Alikuwa na tabia ya kunyonya vidole vya Ndalahwa kila anapomaliza maziwa, na kumfuata mpaka mwisho wa uzio. Naye homa ikampata. Tezi zikatokeza chini ya masikio, akaacha kunyonya. Ndalahwa alisema kila kitu kama kilivyo, hakuficha joto wala uvimbe. Lakini alikuwa ameuona ugonjwa ule mara nyingi, akajua kwamba kesho au keshokutwa daktari atakuja na sindano.

Akaanza kujihesabia haki. Wanaougua ni waliopata maji. Huyu kaugua, basi alipata maji. Waliopata maji wameshakufa wa kutosha, daktari kaona anachotaka kuona. Mmoja wao akipona, itamdhuru nani?

Ilikuwa Jumapili. Baada ya misa alipitia duka la dawa za mifugo, akanunua dawa ya ndigana na bomba la sindano, akaenda zamu. Mchana mwenzake alipotoka kwenda kula, Ndalahwa akaingia bandani. Alimchoma namba kumi na nne kwenye msuli wa paja, akasugua pale palipochomwa, akamwambia kwa Kisukuma atulie. Chupa aliitupa chooni. Yote yalimalizika kabla chai yake haijapoa.

Homa ilishuka. Siku chache baadaye ndama alikuwa anasukuma ndoo kwa kichwa. Daktari Prudencia alimkagua, akamkagua tena, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu vifo vianze.

"Huyu amepigana," alisema.

"Amepigana kweli," akajibu Ndalahwa. Wakati ule alikuwa na furaha tu.

Majibu yalipotoka, daktari aliwakusanya wafanyakazi wote barazani. Kulikuwa na pilau na soda. Akawaeleza kwa lugha nyepesi kwamba wale wa mbali wamefungua siri: katika ndama waliopewa maji, wengi wamekufa, katika waliochanjwa, hakufa hata mmoja. Watu wakapiga makofi. Kisha akasema:

"Aliyenifundisha zaidi ni namba kumi na nne. Aliugua kama wale waliokufa, vidudu vikaonekana kwenye damu yake, halafu mwili wake ukavishinda wenyewe. Maana yake ni kwamba hata pale chanjo isipozuia homa, inamrudisha mnyama."

Ndalahwa aliiweka soda chini. "Kumi na nne alichanjwa, daktari?"

"Alichanjwa, mzee wangu. Uliyemlea mwenyewe."

Watu wakamgeukia wakicheka kwa wema, mmoja akampiga begani. Yeye akacheka nao. Moyoni alikuwa ameshaelewa. Yule ndama hakuwa amepata maji. Alipata chanjo, chanjo ikashindwa, na kilichomponya kilitoka dukani.

Angeweza kusema palepale. Baadaye alijiambia hivyo mara nyingi: nilikuwa nimekaa hatua chache tu kutoka kwake, na mdomo ninao. Lakini watu walikuwa wanakula, na daktari alikuwa na uso wa mtu aliyetua mzigo wa miaka. Akajiambia atamfuata kesho. Kesho yake daktari alisafiri kwenda Arusha kuwaeleza wataalamu wenzake matokeo, na aliporudi alikuwa anasimulia jinsi ukumbi mzima ulivyouliza habari za namba kumi na nne. Kila siku iliyopita ililifanya neno lile kuwa gumu zaidi kutoka. Nyumbani aliacha kupiga mluzi. Rebeka alimuuliza kama anaumwa, akasema ni mgongo.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuijaribu chanjo vijijini, na kijiji kimojawapo kilikuwa kwao Sengerema. Kwa kuwa ni mwenyeji, Ndalahwa alichukuliwa kwenda na timu. Mkutanoni daktari aliwaambia wafugaji ukweli wote: kwamba hapa pia nusu ya ndama watapata maji tu, kwamba waendelee kuwaogesha mifugo, na kwamba ndama akiugua wampigie simu bwana mifugo mara moja. Akawasimulia pia habari za namba kumi na nne, kwa sababu watu huelewa zaidi kwa kisa.

Dada yake Ndalahwa, Tereza, mjane mwenye ndama watatu, alimvuta pembeni baada ya mkutano.

"Kaka, hao wasomi siwajui. Wewe umewaona kwa macho yako. Inaponya kweli?"

Ndalahwa alitazama chini. "Nimewaona wakipona," akasema.

Hakuna neno la uongo katika jibu lile, na ndiyo maana lilimsumbua kuliko uongo. Tereza aliandikisha ndama wote watatu.

Mvua zilipochanganya, simu ya Tereza ilimkuta Ndalahwa akikata majani ya mifugo. Ndama wawili wamekufa. Walianza kwa homa, akasema, tezi zikavimba.

"Ulimpigia bwana mifugo?"

"Nilimpigia baadaye. Alipofika, walikuwa wameshalala. Mwanzoni nilisubiri, kaka. Nilisema watarudi wenyewe, kama yule wenu namba kumi na nne. Labda hawa walipata maji."

"Labda," alisema Ndalahwa.

Walipoagana alikaa juu ya lundo la majani. Hakujua kama ndama wa dada yake walichanjwa au walipewa maji, na hakuna ambaye angemwambia siku ile. Lakini alijua kwa nini Tereza alisubiri. Alisubiri kwa sababu ya kisa ambacho hakikutokea.

Asubuhi iliyofuata alibisha hodi ofisini kwa daktari kabla hata hajavaa gambuti za kazi. Hakuketi alipokaribishwa.

"Daktari, namba kumi na nne nilimtibu mimi."

Daktari Prudencia alikuwa anafunga kamba ya kitambulisho chake shingoni. Akaiacha. "Ulimtibu kwa dawa gani?"

"Kwa dawa ya ndigana. Jumapili, mwenzangu alipokwenda kula. Nilidhani ni wa maji."

Alimuuliza aina ya dawa, kiasi, na sehemu aliyochoma. Aliuliza taratibu, kama anayemuuliza mgonjwa, na Ndalahwa alijibu. Kisha daktari akaenda dirishani.

"Nimesimama mbele ya watu nikamsifu yule ndama," alisema. "Kwa nini hukuniambia siku ile ya soda?"

"Niliogopa kazi. Na wewe ulikuwa umefurahi."

"Usiifanye furaha yangu kuwa sababu." Sauti yake haikupanda. "Mimi nilipaswa kujiuliza kwa nini mmoja tu alipona namna ile. Niliona nilichokitaka. Hilo ni langu. Lakini hili lako lilikuwa mikononi mwako kila siku uliyokuja kazini."

"Dada yangu amepoteza ndama wawili kwa kusubiri."

Daktari akageuka. Hapo ndipo Ndalahwa alipomwona akikaa, taratibu.

Damu ya namba kumi na nne, iliyochukuliwa siku zile alipoanza kupona, ilikuwa bado imehifadhiwa kwenye barafu. Waliipima, dawa ikaonekana. Daktari aliwaandikia wenzake na wale wa Arusha kwamba matokeo yana kasoro, na kazi ya vijijini ikasimamishwa. Wiki ileile walivuka ziwa kwenda Sengerema kwa kivuko cha Kamanga, yeye na Ndalahwa, kila mmoja amekaa upande wake. Kijijini alisimama mbele ya wafugaji walewale, akasema kwamba kisa alichowasimulia hakikuwa sahihi, kwamba ndama akiugua asisubiriwe hata jioni moja. Hakumtaja aliyefanya. Ndalahwa akainuka mwenyewe, akasema ni yeye. Watu hawakupiga kelele. Wazee wawili walitikisa kichwa, mwanamume mmoja akaondoka na baiskeli yake kabla mkutano haujaisha.

Tereza alimsikiliza hadi mwisho akiwa amesimama nyuma, mikono kifuani. Alimfuata kwenye kivuli cha ofisi ya kijiji.

"Siku ile nilikuuliza," alisema.

"Uliniuliza."

"Ungesema tu hujui. Ningempigia bwana mifugo jioni ileile."

Ndalahwa alimwomba radhi, naye akasema amesikia.

Kituo kilimwachisha kazi, na yeye mwenyewe aliona ni haki. Kwa jinsi alivyosikia baadaye, chanjo haikutupwa. Hata namba kumi na nne akihesabiwa miongoni mwa walioshindwa, waliochanjwa bado walikuwa wamepona wengi kuliko wenzao. Lakini ilibidi warudie hatua ile ya mabandani kwa ndama wengi zaidi, kabla ya kurudi vijijini, na hilo ni suala la miaka. Katika miaka hiyo, mvua zitanyesha na kupe watatoka. Ndalahwa alilifikiria hilo kila alipoona mawingu upande wa ziwa.

Sasa analinda ghala la mbao, na akipata nafasi huvuka kwenda Sengerema kumsaidia dada yake kukarabati zizi. Tereza humpokea vizuri, humpikia ugali na sato, humuuliza habari za Rebeka. Mwezi uliopita, yule ndama wake mmoja aliyebaki aliamka amezubaa, masikio yameanguka. Ndalahwa alimwona kwanza. Akamsogelea, akaweka mkono chini ya sikio, akahisi joto.

Tereza alitoka jikoni, akamtazama ndama, akamtazama kaka yake. Kisha akatoa simu kwenye kanga, akampigia bwana mifugo, akamweleza dalili moja moja. Hakumuuliza kaka yake kitu. Ndalahwa alishika kamba ya ndama, wakasubiri pamoja pikipiki ya bwana mifugo.