Swichi ya Jikoni

Mafundi walimwita Haipiti, maana katika miaka ishirini ya kukagua nyaya za umeme majumbani hakuwahi kumwonea mtu haya. Siku hiyo, kwa mama mmoja mjane, alikuta soketi ya chumbani inayowashwa kwa swichi iliyoko jikoni.

"Upuuzi huu kaufanya nani, mama?"

"Marehemu, mwanangu. Alipokuwa mgonjwa wa kitandani, chai ikiiva nabonyeza hapa, taa yake iliyochomekwa kule inawaka, anajua nakuja."

Haipiti akanuna, akaifungua soketi kutafuta kosa. Waya wa kupeleka umeme ardhini upo, fyuzi ni sahihi, nyaya zimepita ndani ya bomba. Kanuni haikatazi swichi kukaa chumba kingine, ila inataka iandikwe inawasha nini. Akachomoa kalamu.

"Niandike 'soketi ya chumbani'?"

"Andika 'chai tayari'."

Hiyo haikuwa kanuni. Aliandika hivyo hivyo, akapitisha.

Jioni, kwake, alichemsha chai ya kikombe kimoja. Nyumba yake haikuwa na kosa hata moja. Alibonyeza swichi ya jikoni, taa ya jikoni ikawaka, naye akabaki amesimama na kikombe mkononi, akivisikiliza vyumba vingine.