Fundi Aliyeulizwa Bisibisi

Wa kwanza kulaumiwa nilikuwa mie, na mie hata sikuwepo. Nasema mapema, maana hapa Moroni mpaka leo wapo wanaonisimamisha njiani: "Wewe si ndiye mkalimani uliyemponza fundi wa Mutsamudu?" Ponza nini? Nilikuwa bandarini nimekalia sanduku la miwani, nabishana na karani wa forodha. Sasa nisikilizeni, halafu mnilaumu kwa haki.

Mie nimezaliwa Unguja, baba Mngazija. Baba alipofariki, mama akanileta Moroni kwa shangazi, huku mtaa wa Badjanani. Nimesoma mpaka darasa la saba tu, lakini ulimi Mungu kanipa wa kutosha. Kiswahili nimekinyonya, Kingazija nimekikuta kwa shangazi. Ndiyo maana wazee wawili wa misheni walipokuja kuwapima watu macho na kugawa miwani, nikaitwa mie.

Mume nikimwita Babu, mke nikimwita Bibi. Walikuwa wamekaa Tanganyika miaka thelathini, nywele zimekuwa nyeupe hukohuko. Kuna mkubwa wao mmoja huko Ulaya, sijui alitazama ramani gani, akasema hawa wanajua Kiswahili, basi wapelekwe Komoro, si visiwa vyote ni Waswahili? Ebo! Kama kumpeleka mvuvi wa pweza akakamue ng'ombe kwa kuwa wote wana miguu mingi. Kingazija na Kiswahili ni ndugu, nakubali, lakini ni ndugu wa kugombania urithi. Neno lilelile moja, kila mmoja kalitia mfukoni kwa maana yake.

Wiki ya kwanza tu, Bibi kampa mtoto wa jirani biskuti. Mtoto akasema kwa adabu, "Marahaba!" Kwa hapa ndiyo ahsante. Bibi akanigeukia uso umemwiva.

"Nina miaka sitini na minane. Huyu mtoto ananiitikia shikamoo ambayo sijampa?"

Babu naye nikamfundisha kuamkia watu wazima kwa "Kwezi." Kamwamkia bibi kizee mlangoni, bibi kizee kajibu kama inavyotakiwa, "Mbona." Babu kasimama pale robo saa. "Mbona nini, mama? Nimekosa nini?" Shangazi alicheka mpaka akaomba maji.

Hayo yalikuwa ya kuchekesha. Ya Mutsamudu hayakuchekesha.

Ilikuwa mwaka juzi. Tukapelekwa kisiwa cha Nzuani miezi miwili, tukapewa nyumba ndani ya mji wa zamani wa Mutsamudu, vichochoro vyembamba mpaka jirani akipiga chafya unamwambia rehema bila kutoka kitandani. Kinzuani nako ni kingine, mie mwenyewe nikiongea wanawake wa kule wanajificha kwenye shiromani, zile nguo zao za kujitanda, wacheke. Lakini tulikwenda. Wazee walikuwa wametia saini karatasi ya serikali kwamba watatibu macho tu, dini yao wataiweka kifuani na siasa hawatagusa. Na waliishika ahadi. Kwa hilo siwasingizii.

Siku hiyo kitasa cha chumba cha dawa kikakataa kufunguka. Dawa ziko ndani, wagonjwa wako nje. Mie ndiyo niko bandarini. Babu hakungoja, akatoka kichochoroni akawaambia wanawake waliokuwa wakitwanga: "Nataka fundi. Fundi aje nyumbani kwangu leo." Akaweka mkono kifuani, kama anavyofanya akiomba kitu kwa adabu.

Kwetu Unguja fundi ni wa cherehani, wa saa, wa mlango. Huku Komoro fundi ni mwalimu wa chuo, mtu anayesomesha Kurani, anayeozesha, anayezika. Kwa hiyo wale wanawake walisikia nini? Mzungu mzee wa misheni, mkono moyoni, anamtaka sheikh aje nyumbani leo leo. Walitupa michi wakakimbia. Mzungu anasilimu!

Mie natokea bandarini na sanduku kichwani, nakuta kichochoro kimejaa. Kanzu nyeupe, kofia za kudarizi, sinia za mikate, vijana wana madufu mikononi. Na mbele ya mlango yuko fundi mwenyewe, mzee mwembamba ndevu zimefumwa kwa mvi, amesomesha nusu ya mji ule na baba zao pia. Babu kamshika mkono, anatabasamu.

"Karibu fundi, karibu sana. Kazi yenyewe ndogo. Bisibisi umeleta?"

Fundi akautoa mkono wake. Nami, Mungu anisamehe, nikacheka. Nilicheka kidogo tu, sanduku halijashuka kichwani.

Kicheko hakijaisha, gari ikasimama mwisho wa kichochoro. Mamluki wawili wa ulinzi wa rais, wazungu, magwanda meusi, bunduki. Mtu alikuwa kawapelekea habari kwamba watu wamemzingira mgeni. Siku zile, na siku hizi, watu watano wakisimama pamoja wao wanahesabu mapinduzi, ingawa kwa mapinduzi mabingwa ni wao. Madufu yakatupwa, watu wakakimbia, mikate ikakanyagwa. Fundi hakukimbia. Wakamshika mabega kama wanavyobeba gunia, kofia ikaanguka, mmoja akaikanyaga kwa buti.

Halafu, sikilizeni hili, yuleyule wa buti akavua kofia yake mwenyewe akamwamkia Babu kwa heshima, akamtaka radhi kwa usumbufu! Babu akapeana naye mkono. Fundi anatazama, kichwa wazi, juani. Gari ikaondoka na fundi.

Nikaokota ile kofia nikaikung'uta. Nikaingia ndani nayo.

"Babu, twende ukawaambie ni wewe uliyemwita."

"Tulitia saini, binti. Siasa hatuingii."

"Siasa? Kitasa ndiyo siasa?"

"Wakitukasirikia watatufukuza. Na hawa watu wenye macho mabovu atawatibu nani?"

"Huyo waliyemchukua naye ana macho, Babu. Anatuona."

"Punguza sauti."

"Sipunguzi! Mzee yule kachukuliwa kama mwizi kwa sababu ya bisibisi!"

Bibi alikuwa kakaa kwenye sanduku la miwani, anafunga kamba za viatu. Kumbe alikuwa ameshaamua, mie napiga kelele bure. Akasema, "Mimi nakwenda. Wewe mzee baki na karatasi yako." Miaka arobaini ya ndoa, nadhani hajawahi kumwambia vile mbele ya mtu. Babu akavaa kofia yake akatufuata.

Kituoni Bibi alisema na mkubwa wa wale mamluki kwa lugha yao ya kizungu. Sikuelewa kitu ila niliona bwana yule anaanza kucheka, anapiga meza, anaita wenzake waje wasikie. Fundi, bisibisi! Fundi, bisibisi! Wakawaletea wazee kahawa. Fundi yuko uani, kakaa kwenye kokoto, midomo inasoma polepole. Nikampelekea kofia yake. Alichukua, akaivaa, akaendelea kusoma. Kahawa ikanyweka yote ndipo wakamwachia, tena kwa kumpungia mkono tu, kama kufukuza kuku.

Nje ya lango Babu akaniambia kwa Kiswahili, "Mwambie mambo haya hutokea. Mwambie siku nyingine nao waulize vizuri kabla ya kuja."

Wallahi damu ilinichemka. Nikamgeukia fundi, na kwa Kinzuani changu kibovu kilichochanganyika na Kingazija nikasema: "Anasema kosa ni lake lote. Anakuomba radhi, yeye na mkewe, kwako na kwa watu wa mji."

Fundi akafungua kinywa, kikatoka Kiswahili cha Unguja kimenyooka kuliko changu.

"Mwanangu, nimesoma Unguja miaka kumi na moja. Radhi yako nimeipokea. Ya huyu bwana bado naisubiri."

Ningepata shimo ningeingia, na ningemvuta Babu nguo aingie nami. Bibi akainamisha kichwa, akasema, "Nisamehe, mwalimu wangu," akasema tena. Fundi akamwitikia. Na Babu? Babu uso ukang'aa kama kapata kitu kilichopotea.

"Kumbe unajua Kiswahili! Sasa si ungesema tangu mwanzo?"

"Tangu mwanzo uliniuliza bisibisi," fundi akasema. Akaondoka zake kwa miguu, taratibu, na watu waliokuwa wamejificha wakatoka mmoja mmoja wakamfuata.

Usiku ule sikula chakula chao. Asubuhi nikamwambia Babu sitafsiri hata "fumba jicho la kushoto" mpaka aende kwa yule mzee. Na wala hakukuwa na cha kutafsiri, maana mgonjwa hata mmoja hakuja. Benchi tupu. Babu akakaa akaandika barua, kurasa tatu za Kiswahili safi, akanipa niipeleke. Nikaisoma, nani angeniziba macho? Kuna habari za urafiki wa mataifa, kuna shukrani kwa ukarimu, kuna ugumu wa lugha.

"Babu, pamepungua neno moja."

"Lipi?"

"Mie mkalimani. Mwandishi ni wewe."

Alikaa na zile karatasi mpaka adhuhuri. Kisha akazikunja akazitia mfukoni, akavua kofia akaiacha mezani, akatoka kichwa wazi kwenye lile jua, bila Bibi na bila mie. Alirudi baada ya alasiri. Hakusema alikwenda wapi, na fundi nilipomuuliza siku ya pili akaniambia nikapike.

Kesho yake benchi likajaa. Sikatai, nilifurahi. Lakini hasira yangu haikwisha, ilibadilisha kiti tu. Miezi yote ile nimetafsiri "soma herufi hii" na "usipepese," na siku pekee lilipotoka neno la maana, mkalimani hakuchukuliwa.