Miiba Katika Damu ya Mwanangu

Nilipopiga meza, chai ya yule kijana wa utafiti ilimwagika yote. Alikuwa ameniambia, bila hata kuinua macho, "Mama, usijitie presha. Hii ni picha tu."

Picha tu! Picha ya damu ya mwanangu.

Watafiti walikuja zahanati yetu huku Shika Adabu kutafuta watoto wa utafiti. Wakaeleza vizuri: watachukua damu kidogo, waivushe feri hadi Changamwe, kwenye hadubini isiyozipaka seli rangi wala kuziua. Mwanga wa leza unapita ndani ya seli ikiwa hai, kamera inanasa jinsi mwanga ulivyopinda, kompyuta inaijenga seli nzima, unene wake na mabonde yake. Biolojia niliipenda hadi kidato cha nne. Nikavutiwa, nikatia sahihi.

Kisha simu: seli za mtoto zina umbo baya, njoo. Nikaenda Changamwe, aliyenipigia hayupo. Nikaenda tena, naambiwa ngoja daktari.

Huku nyumbani nakufa kwa hofu. Binti yangu tumempa jina la shangazi yake, dadake mume wangu, maana kwetu jina la marehemu halipotei. Na shangazi huyo alikufa angali mtoto, kwa siko seli, ugonjwa wa seli za damu kupinda kama mundu. Mavyaa wangu, mamake mume, alisema huku akipepeta mchele, "Jina kalichukua. Na damu kaichukua."

Tangu hapo sikumwacha mtoto akimbie. Nilimkagua macho kama yana manjano, nikambonyeza vidole kama vimevimba. Akilia kwa kunyimwa peremende, mimi nasikia mifupa yake inauma.

Basi nilipopiga meza, akatoka mkuu wa maabara, mwanamke wa makamo.

"Dadangu, kuna nini?"

"Kuna mimi. Na sitoki hapa."

Yeye mwenyewe akamchoma kidole mtoto, niliyekuwa nimekuja naye, akaliweka tone kwenye hadubini papo hapo. Kwenye kioo zikaonekana seli za duara, zimebonyea katikati, zinatetemeka. Halafu akafungua picha za kwanza. Zilikuwa na miiba pande zote.

"Kama tunda la shokishoki," nikasema.

Mkuu akamgeukia kijana. "Damu hii ilichukuliwa lini?"

"Ijumaa asubuhi, bosi."

"Ikaingia kwenye mashine saa ngapi?"

Kijana akachungulia daftari la maabara. Ikabidi aseme. Mwenye pikipiki aliyeileta damu alifika wakati wa swala, nusu ya watu wako msikitini, nusu wamekwenda kula. Sanduku likaachwa kibandani kwa bawabu, chini ya mabati, wallahi kwenye joto lile la mchana. Walipolikumbuka jioni, wakaipima damu bila kuuliza.

"Seli hai ukiziweka hivyo huota miiba," mkuu akasema. "Tuliangalia damu iliyochoka, si ugonjwa."

"Kwa hiyo hana siko seli?"

"Hilo siwezi kukuahidi. Hata mwenye nayo, seli zake zaweza kuonekana duara. Ina kipimo chake, hospitalini."

Kijana akaleta utani. "Angalau umeona shokishoki bure, mama."

Nilimtazama mpaka akaenda kutafuta kitambaa cha kupangusia chai. Nilikuja na hofu, na hofu ile ile nilikuwa narudi nayo, mtoto mgongoni.

Nikauliza malalamiko yanapelekwa wapi. Mkuu mwenyewe akanionyesha ofisi ya kamati inayosimamia utafiti wao. Karani akanipa karatasi. "Andika kwa upole, mama."

Niliandika hivi:

"Nalalamika kwamba damu ya mwanangu iliachwa kwenye joto, ikapimwa ikiwa imeharibika, nami nikapigiwa simu ya kunitisha kisha nikazungushwa. Nataka mtoto apimwe siko seli hospitalini, nyinyi mkisimamia. Jibu niambiwe mimi, ana kwa ana, na mtu anayelielewa. Kabla ya hapo, hakuna atakayeigusa damu yake tena kwa utafiti wenu."