Nguvu za Kiume

Hapa Sumbawanga huwezi kutembea kutoka stendi hadi sokoni bila kusoma kibao cha dawa ya nguvu za kiume. Kila mtu anajua maana yake: ni mambo ya chumbani. Mimi peke yangu niliyasoma maneno yale kama yalivyoandikwa. Nguvu. Za kiume. Nilizaliwa nikaitwa binti, lakini tangu nipate akili zangu najijua mwanamume, na nilichokuwa nakitafuta ni ndevu na sauti nzito. Nikasema, ndiyo hiyo.

Kumuuliza daktari sikuthubutu. Mji wetu mdogo. Neno ukilitoa mtaani Izia linakutangulia kufika kanisani. Basi nikamwagiza mshikaji wangu wa bodaboda anayekwenda Kasesya, mpakani, nikamdanganya kwamba ni ya mjomba. Akaniletea kichupa chenye picha ya simba, ubavuni kimeandikwa kuwa kinaongeza homoni za kiume. Karatasi ya maelezo hakina.

"Mwambie mjomba asizidishe," akasema, akacheka.

Nami nikazidisha, maana ndevu nilizitaka upesi.

Asubuhi moja tulikuwa uani tunapepeta ulezi, mimi na mama. Uso ukaniwaka moto, kichwa kikagonga, kila nilichokitazama kikawa na rangi ya bluu. Halafu kifua kikabana. Niliogopa kufa. Niliogopa na kupona pia, kwa sababu ningeulizwa. Mama alisimamisha bajaji akanipeleka kituo cha afya, amenishika mkono kama mtu anayeshika mwizi.

Daktari alikuwa kijana mpole. Akapima presha, akapima tena. Akamwambia nesi alete kidonge cha kuweka chini ya ulimi, cha kulegeza kifua. Kisha akaniuliza, "Kuna dawa yoyote umetumia?"

"Hajatumia kitu," mama akajibu. "Huyu hata dawa ya kichwa anaikimbia."

"Namuuliza yeye, mama. Hiki kikikutana na dawa fulani, presha inaweza kuanguka asiamke."

Nesi alikuwa ameshakishika kidonge. Nilikitazama. Mwenye kitanda cha jirani alikuwa macho, anasikiliza. Nikawaza: nikinyamaza nikafa, watanizika nimevaa gauni. Hilo lilinitisha kuliko mama.

"Nimekunywa dawa ya nguvu za kiume," nikasema.

Nesi akarudisha mkono. Jirani akageuka kabisa kunitazama. Daktari hakucheka. Alinieleza polepole kwamba vichupa vya namna ile vingi hutiwa kwa siri dawa ya kusimamisha, na homoni hamna hata punje. Ndiyo iliyonibana kifua, na kidonge kile juu yake kingenimaliza. Akaniuliza nilikuwa natafuta nini. Nikamwambia, mama akisikia.

"Homoni zenyewe zipo," akasema kwa sauti ya chini. "Lakini huwezi kuzikisia. Damu inapimwa kabla ya kuanza, na inaendelea kupimwa, kwa sababu zinaweza kuifanya iwe nzito mno. Hapa sina wa kukupeleka kwake, sitakudanganya. Ila usinunue tena kitu usichokijua. Na ukiulizwa umemeza nini, sema."

Akatoka kwenda kumwona mgonjwa mwingine. Nilimsubiri mama anilaani. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi, kwa padri, kwa mjomba wa kweli kuitwa kutoka Mpui. Mama alikuwa anatazama sahani ya chuma ambamo nesi alikuwa amekiacha kidonge.

"Mimi ndiye niliyesema hujatumia kitu," akasema mwishowe. "Ningekuua mimi."

Akaketi pembeni mwa kitanda, makapi ya ulezi bado yako kwenye khanga yake. Daktari aliporudi akauliza kama kuna kingine cha kumweleza, mama alifungua mdomo, akauziba kwa kiganja, akanielekezea kidevu nijibu mwenyewe.