Mbwa Aliyetufungia Mlango

Sisi tuliokulia Endagikot wakati redio za kijiji kizima zikihesabika kwa vidole, na betri zake zikianikwa juani zipate nguvu, tulijua mbwa ni mfanyakazi. Alikuwa na kazi yake kama punda alivyokuwa na yake, na jina lake lilitaja hiyo kazi. Wa kwetu aliitwa Askari. Mwanangu Brayani naye ana mbwa hapa Katesh, anaitwa Biskuti. Mwezi juzi Biskuti aligongwa na bodaboda, akafanyiwa upasuaji wa mguu, na tangu siku hiyo sebule yangu imegeuka wodi. Brayani amempiga picha akilala, akila, akitazama ukuta. Mimi kila nilipomfunga bandeji nilicheka peke yangu, maana kazi hii niliifanya nikiwa na miaka kumi, tena kwa vifaa ambavyo daktari wa leo angevikimbia.

Ilikuwa likizo ya katikati ya mwaka, ule msimu wa baridi ambao ukungu wa Mbulu unashuka mpaka unashindwa kumwona ng'ombe unayemfukuza. Tulikuwa tumepumzika kubeba kuni za shule na kuchapwa kwa kuchelewa. Asubuhi tunaota moto na kula kiporo cha makande kwa maziwa, mchana tunacheza rede kwa mpira wa matambara mpaka mtu alie. Brayani nikimsimulia rede ananiuliza ilikuwa na levo ngapi.

Askari aliumia Basotu. Baba alikwenda huko kumpelekea shangazi mbuzi wawili, na Askari akamfuata kama kawaida yake. Ilikuwa mavuno ya ngano, matrekta yanapishana barabarani, na tela moja likampitia mguu wa nyuma. Mtu mwingine angemwacha hapo hapo. Lakini siku hiyo kulikuwa na mtaalamu wa mifugo aliyekuja kuchanja ng'ombe, na baba akambeba mbwa mpaka kwenye josho akamwomba amtazame. Yule bwana alimdunga sindano ya ganzi, akamlaza juu ya meza ya mbao, akatoa vipande vya mfupa, akashona, akafunga vijiti na bandeji. Shangazi alitusimulia baadaye kwamba watu waliwaacha ng'ombe wao kwenye foleni wakaja kushangaa mbwa anayefanyiwa opereshini kama diwani. Baba, ambaye sikuwahi kumwona akimgusa Askari isipokuwa kwa ncha ya kiatu, ndiye aliyemshika kichwa muda wote.

Alirudi naye juu ya lori la magunia, amemfunga kwenye shuka lake mwenyewe. Majirani walipomcheka aliwauliza mbuzi wake wanalindwa na nani. Kisha akanikabidhi mgonjwa pamoja na masharti ya yule mtaalamu: kwa wiki sita asikimbie, asiruke, bandeji isilowe, na kidonda asikilambe. Kwa hilo la mwisho baba alitoboa tako la ndoo kuukuu ya rangi akamvisha shingoni. Askari akawa anatutazama kutoka ndani ya ndoo kwa aibu kubwa, na sisi tukitoka nje kucheka ili asitusikie.

Nilimtandikia majani makavu upande wa ndama, maana ndani kwetu watu na ndama tulilala chini ya paa moja. Nilimwosha kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nikampa uji kwa mkono. Shida haikuwa Askari. Shida ilikuwa watoto wa kilima kizima, waliokuja kwa makundi kumwona mbwa aliyeshonwa. Kila kundi likichungulia mlangoni, yeye anakumbuka kazi yake, anainuka na ndoo yake abweke. Siku ya tano nyuzi mbili zikaachia, damu ikapita kwenye bandeji.

Baba aliufungua ule mguu akautazama. Hakupandisha sauti, na hapo ndipo nilipoogopa. "Huu mguu ukiharibika simrudishi Basotu," alisema. "Nitammaliza mwenyewe. Mbwa wa miguu mitatu ni chakula cha fisi, afadhali nimwondoe mimi."

Nililia kwenye zizi ambako hakuna mtu angeniona. Kesho yake watoto watatu wa Mama Paskali, jirani yetu wa chini, walipokuja na makamasi yao kuchungulia, niliwazuia njiani. Nikawaambia waondoke, hawakusikia. Nikawaambia Askari ana kichaa, wakazidi kutaka kumwona. Basi nikachukua neno zito kuliko yote niliyoyajua. Nikawaambia, "Rudini. Tuko metimani."

Kwa asiye wa kwetu nieleze kidogo. Nyumba ya Mwiraqw ikipatwa na jambo zito, kama mimba kuharibika au kifo cha namna fulani, hukaa pembeni kwa muda. Wao hawaendi kwa watu, na watu hawaendi kwao. Hakuna kuomba moto, hakuna kuazimana jembe wala chungu. Hiyo ndiyo metimani. Si chuki wala adhabu, ni kuliacha jambo lipoe lisimguse mwingine, na hata sisi tulioimba kwaya kila Jumapili hatukuthubutu kuipuuza. Wala hakuna anayeuliza ni jambo gani. Wale watoto walirudi kinyumenyume, kisha wakageuka wakatimua mbio.

Nilipata amani ambayo sijaipata tena maishani. Hakuja mtoto, hakuja mtu mzima. Askari alilala, kidonda kikakauka, nami nikajiona daktari bingwa. Mama ndiye aliyeanza kusema kwamba Mama Paskali, aliyezoea kuja kila asubuhi kuomba makaa, haonekani. Akadhani amemkosea. Siku mbili nzima alihesabu maneno aliyomwambia, akakumbuka aliwahi kumtania kwamba kuku wake ni wembamba, akaumia moyoni. Nilisikia yote nikiwa nimekaa kando ya Askari, na nikaendelea kumpa uji.

Halafu ikafika siku yetu ya mavuno, iliyopangwa tangu kabla Askari hajaumia. Enzi hizo hakuna aliyevuna peke yake. Unapika, unaandaa pombe, unapitisha habari, na watu wanakuja na vikapu vyao kukuvunia shamba lako, kesho mnahamia kwa mwingine. Mama alikesha jikoni. Chungu cha makande kilikuwa kikubwa hata mimi ningeingia humo. Jua likapanda, ukungu ukaondoka, mahindi yamesimama yamekauka vizuri, na njia nyeupe kabisa. Mama alisimama mlangoni na kata mkononi, na ule uso wake wa siku hiyo sijausahau.

Baba akateremka kwenda kuuliza. Mume wa Mama Paskali alimwona kwa mbali, akasimama ng'ambo ya korongo, akavua kofia. "Poleni sana," alisema. "Tulisikia. Tukaona tuwaache mpumzike." Baba akamuuliza wamesikia nini. Yule mzee akatazama chini kwa heshima, akasema hayo si ya kuulizana barabarani.

Baba aliporudi hakuhitaji kupeleleza. Nilikuwa nimeshaanza kulia kabla hajafika mlangoni, nikasema yote kwa pumzi moja. Mama alikaa chini. Nilitegemea fimbo, na kwa kweli ningeipokea kwa shukrani, kuliko kilichofuata. Bibi, mama yake baba, aliyekuwa akinusa ugoro pembeni na kujifanya kiziwi kila tulipomtaka afanye kitu, safari hii alisikia vizuri kabisa.

"Hilo neno halichezewi," alisema. "Limetamkwa mlangoni petu, sasa tuko metimani. Tutakaa mpaka mwezi mwingine uandame."

Baba akajaribu kumwambia kwamba ni uongo wa mtoto. Bibi akamjibu kwamba basi mtoto ataona uongo wake una uzito wa magunia mangapi. Tukakaa. Sita tu sisi, tukavuna shamba ambalo watu ishirini wangelimaliza kwa siku moja. Nilibeba mahindi mpaka mikono ikatoka malengelenge, na makande ya watu ishirini tukayala mpaka yalipochacha. Katekista alituombea akiwa amesimama ng'ambo ya korongo, akipaza sauti. Mama hakuniongelesha kwa siku nne. Siku ya tano alinipaka samli viganjani, nami nikajua nimesamehewa.

Wiki ya sita baba alikata bandeji kwa wembe. Mguu ulikuwa umenyooka, mwembamba, hauna manyoya. Askari akainuka, akaukunja, akaondoka kwa mitatu. Tukamsugua kwa mafuta ya ng'ombe yenye joto, tukamwita kwa nyama, tukamsimamisha kwa nguvu. Akaukunja vile vile. Baba alisema tusubiri mpaka Jumapili, na sote tulijua baada ya Jumapili ni nini. Niliomba rozari nzima kwa ajili ya mbwa, jambo ambalo sikumwambia katekista.

Mwezi uliandama Ijumaa. Jumamosi bibi alijifunga shuka, akachukua fimbo, akazunguka kilima kizima yeye mwenyewe kutangaza kwamba tumetoka. Na inaelekea alieleza pia kilichotuweka ndani, kwa sababu Jumapili baada ya misa walikuja wote. Walikuja na maziwa, na viazi, na watoto wao, wanacheka tangu mbali, kila mmoja anataka kumwona huyo mbwa aliyewekewa metimani. Mama Paskali alitangulia na kikapu cha mayai kichwani.

Askari hakuwa ameona mgeni kwa zaidi ya mwezi mzima. Alinyanyua masikio. Akatoa mngurumo ambao sijui aliuweka wapi siku zote hizo, kisha akatoka mlangoni kama jiwe la kombeo, miguu yote minne chini. Mama Paskali alitupa kikapu akapanda juu ya lundo la mahindi, mama yangu akacheka mpaka akashikilia nguzo, na baba akasimama akiutazama ule mguu unavyokanyaga.

"Huyo amepona," alisema. Akageuka haraka kuelekea zizini, na nilimwona akijifuta macho kwa kona ya shuka.

Biskuti naye alitolewa bandeji Jumamosi iliyopita. Daktari wake, kijana mpole mwenye glavu za buluu, alisema mfupa umeshika vizuri, sasa ni yeye tu kuukanyagia. Hataki. Anaruka kwa mitatu kutoka kwenye zulia mpaka kwenye bakuli. Brayani ametafuta mazoezi kwenye simu, anamnyoosha mguu asubuhi na jioni, na watu wengi wamemtumia pole na vimoyo vyekundu kutoka miji ambayo hata sijui iko upande gani. Mimi dawa naijua. Mbwa huyu anahitaji watu wa kubwekea: mama mmoja mwenye kikapu na watoto watatu wenye makamasi.

Tangu Jumapili nimeliacha geti wazi. Huu mtaa wetu wa viwanja vilivyopimwa ni mzuri, kila nyumba na ukuta wake, na ukisimama uani unauona mlima Hanang wote. Jirani mwenye geti la buluu anapita na gari, ananipigia honi, nampungia mkono. Miaka mitatu sasa hajaingia kwangu, wala mimi sijawahi kubisha hodi kwake. Zamani ilinibidi niseme uongo mkubwa kuliko umri wangu ndipo majirani wasije kwetu. Hapa sijamkataza mtu.

Jana jioni Brayani aliniuliza kwa nini geti liko wazi. Nikamwambia tunasubiri wageni, Biskuti apate wa kumbwekea.

"Nani anakuja, mama?"

Nikatafuta jina moja la kumtajia. Nikakosa.