Ukame Uliofika Gisenyi

Juzi nilimwona msichana ufukweni ameinamia riwaya, akijipepea kwa mkono huku upepo wa ziwa ukitutetemesha sote. Nikacheka, maana mimi pia riwaya iliwahi kunibeba hivyo.

Alasiri moja, nilipokuwa mtoto, Shangazi, aliyekuwa amerudi kutoka Tanzania, alitusomea riwaya ya kijiji cha huko kilichokaukiwa na visima. Nje sambaza, samaki wadogo wa ziwa, walikuwa wameanikwa, wakinuka hadi mbinguni, lakini mimi nilisikia harufu ya vumbi tu, na koo likanikauka kama jiwe la volkano. Sikujua bado kwamba riwaya hutungwa. Nilichojua ni kwamba dada yangu Konso alikuwa anaolewa Tanzania hiyo hiyo.

Nikashuka ziwani na bidoni, dumu la maji kubwa kuliko mimi, nikaijaza, nikaiburuta hadi kwenye sanduku lake la nguo.

"Ayiwe! We mutoto, hii bidoni iko ya nini?"

"Iko maji yako, dada. Kule utakufa na kiu!"

Konso alinitazama, akaacha kucheka.

"Shangazi, soma tena. Huyu hatalala mupaka mvua inyeshe."

Shangazi akasoma kurasa kama elfu hivi. Mvua iliponyesha kitabuni, nikamruhusu dada aolewe.